Glasi ya Maji Mezani kwa Fundi

Kutoka kwa Fundi Cherehani,
Kibanda cha tatu, nyuma ya kanisa.
Jumatano.

Kwa Mzee Mwenyekiti,
Kamati ya Mafundisho ya Watoto.

YAH: KUOMBA MWALIMU WA WATOTO APEWE KAZI NYINGINE KABLA YA JUMAPILI

Mheshimiwa Mzee,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na za mama watoto. Tunatumaini lile goti lako linaendelea vizuri. Kabla sijaingia kwenye shauri lenyewe, nikutoe wasiwasi kuhusu suti yako: imebaki vifungo tu.

Ninaandika kuhusu mwalimu wa watoto wa miaka saba hadi kumi, yule dada ambaye siku za kazi yuko maabara ya hospitali na Jumapili huja na kikapu. Watoto wanamwita Mwalimu Kikapu. Sina ugomvi naye. Ana adabu, hachelewi, na sketi zake anashonesha kwangu. Ninacholalamikia ni kikapu. Kila Jumapili hutoa kitu humo, mara mshumaa, mara jiwe, mara kikombe, na kwa kitu hicho huwaonyesha watoto jambo la Biblia hadi walishike kwa mikono yao. Tatizo ni kwamba wakishalishika hawaliachii.

Binti yangu ana miaka tisa. Zamani akitoka darasani nilimuuliza wamejifunza nini, akajibu, "Mungu ni mwema," tukaenda kula. Mambo yakaishia hapo, kama inavyotakiwa. Sasa hayaishi. Naomba nikueleze kwa mpangilio.

1. Uzi. Mwalimu aliwaagiza watoto waje na uzi. Alitaka waone kwamba kosa la kwanza ni kama uzi uliozungushwa mikononi mara moja: ukivuta unakatika. Ukizungushwa mara ishirini, umefungwa. Lakini hakusema uzi wa namna gani. Binti akachukua rafuni kwangu uzi wa kushonea maturubai. Mtoto aliyejitolea kufungwa alikuwa mjukuu wako. Alizungushiwa mara moja, akaambiwa avute. Akavuta. Akavuta tena mpaka akakaa sakafuni. Watoto kumi na wanne wakaelewa kwamba kosa la kwanza tu limekwisha kukumaliza, na mjukuu wako akawa analia, "Mimi sijafanya kitu!" mpaka mkasi ulipoletwa kutoka kibandani kwangu. Kama mafundisho ya kanisa yanahitaji uzi hafifu, wazazi tuambiwe mapema. Mimi uzi hafifu siweki.

2. Kikombe. Jumapili iliyofuata vilitoka vikombe viwili. Kimoja kiling'aa nje na ndani kilikuwa na tope. Cha pili kilikuwa kimemeguka ukingo, ndani safi. Watoto wakaambiwa wachague cha kunywea. Somo likaeleweka, na mimi ningefurahi lingebaki kwenye vikombe.

Jumanne mwalimu mkuu wa shule alikuja kuchukua koti lake. Alilivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akasema, "Fundi, safari hii umenitendea haki." Binti akaomba alishike. Mwalimu mkuu anapenda watoto, akampa. Mtoto akaligeuza ndani nje, palepale, mbele ya wateja wengine wawili, akapitisha kidole kwenye mshono wa ndani ambao, kwa sababu za kikazi, ulishonwa kwa uzi mwepesi kidogo. Akasema, "Baba, huku ni kile kikombe cha kwanza." Mwalimu mkuu akavaa miwani. Koti bado liko hapa.

Mzee, nimeshona miaka ishirini na mbili. Katika miaka hiyo hakuna mteja aliyewahi kugeuza nguo kabla hajafika nyumbani. Ufundi mzima umesimama juu ya ustaarabu huo.

3. Glasi. Hapa ndipo penye kidonda. Wiki tatu zilizopita mwalimu alijaza glasi maji safi, akachukua kibomba kidogo cha maabara cha kudondoshea dawa, akadondosha tone moja la wino. Tone lile, aliwaambia, ni neno moja lisilo la kweli. Watoto wakaona likishuka kama moshi na kuenea. Akadondosha la pili na la tatu, maji yote yakawa ya bluu.

Bahati nzuri siku hiyo zamu ya kengele ilikuwa yangu, na chumba kilihitajika kwa kikao cha kuchagua rangi ya mapazia. Nikapiga kengele saa nne na dakika arobaini kamili. Mwalimu akaniomba, "Fundi, niongezee dakika kumi tu, bado nusu." Nikamwambia muda ni muda. Akarudisha chupa nyeupe kikapuni bila kuifungua, watoto wakatoka. Kikao chetu, kama unavyokumbuka, kilianza saa tano na nusu. Jumapili iliyofuata kwaya ilichukua chumba. Iliyofuata tena tulipanga humo viti vya wageni, na Jumapili iliyopita vilikuwa havijatolewa. Nayataja haya ili ujue kwamba sijakurupuka kulalamika. Nilianza kwa kuchukua hatua mwenyewe.

Jioni ya siku ile ya wino binti aliweka glasi ya maji kwenye meza yetu ya kulia, pamoja na wino wake wa shule na kibomba walichogawiwa darasani. Shangazi yake akapiga simu kuuliza nimefika wapi. Nikamjibu, "Niko njiani, naona hata paa la nyumba yako." Nilikuwa nimevaa kandambili. Mtoto alichukua kibomba. Alidondosha tone moja, akaendelea kula. Mama yake alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Kesho yake asubuhi jirani alikuja kuazima pasi, mama watoto akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie imeharibika." Tangu hapo naye ana glasi yake, na kicheko kimekwisha.

4. Kibandani. Siku ya tatu glasi yangu ikahamishiwa kazini. Ipo juu ya meza, kati ya cherehani na sahani ya pini. Binti akitoka shule hukaa kwenye kona yake, anafanya hesabu, na kibomba kiko ndani ya kopo la penseli.

Wewe ni mtu mzima, Mzee, unajua maisha. Mteja akija fundi humwambia njoo Ijumaa. Huo si uongo. Ni salamu. Mteja anajua, fundi anajua, Ijumaa yenyewe inajua. Lakini mtoto wa miaka tisa aliyeona wino ukienea ndani ya maji hajui kutofautisha salamu na ahadi, na hakuna aliyemfundisha. Wiki ya kwanza nilibadilisha maji mara mbili kwa siri. Mara ya tatu nilimkuta amechora alama kwenye glasi kwa kalamu, na pembeni tarehe.

Sasa wateja wameshajua. Mama Miwani, yule wa duka la vifaa vya ujenzi, akiuliza lini, husogea kwanza akaitazama meza, kisha husema, "Haya fundi, jibu, mimi na mtoto tunasikiliza." Jumatatu nilijibu, "Sijui, mama." Neno hilo sikuwahi kulitamka kibandani tangu nifungue. Akaacha kitambaa, akaondoka akitabasamu, na sijaelewa mpaka leo kwa nini hakukichukua.

Fundi wa kibanda cha nne ameona biashara humo. Ameweka glasi yake mbele kabisa, maji meupe kama machozi, anayabadilisha kila asubuhi. Wateja wanne wamehamia kwake. Yeye husema Ijumaa mara nyingi kuliko mimi. Tofauti yetu ni kwamba hana mtoto katika darasa la Mwalimu Kikapu. Nakuuliza kwa heshima zote: je, hivi ndivyo kanisa linavyotaka kumlipa mzazi anayeleta mtoto wake kila Jumapili?

5. Kanisa lenyewe. Usidhani jambo hili litabaki kwa mafundi. Jumapili iliyopita mhubiri aliposema, "Na sasa namalizia," binti alinigusa mkono akauliza kama lile nalo linahesabiwa. Nikamwambia hapana. Mhubiri akasema namalizia mara ya pili, kisha ya tatu. Mtoto alitazama saa ya ukutani kwa namna ambayo sikuipenda. Nafikiria pia mikutano ya kamati yetu ya mapazia, pale tunapoandika kwamba wote tumekubaliana kwa moyo mmoja. Kama ni haki, glasi iwekwe na mezani pale. Sidhani kama kuna mtu anapendekeza hivyo.

6. Gauni. Nalitaja mwisho kwa sababu ni dogo. Jumapili hii ni Siku ya Watoto, na binti yangu amechaguliwa kusimama mbele kusoma. Kitambaa alichagua mwenyewe, bluu ya mbingu asubuhi. Nilimwambia gauni litakuwa tayari Ijumaa. Ijumaa ya kwanza aliuliza, nikasema Ijumaa ijayo, akadondosha tone. Ya pili aliuliza, nikasema vilevile, akadondosha tone. Ijumaa iliyopita hakuuliza. Alipita karibu na meza, akakusanya madaftari, akaenda kumwambia mama yake amtolee gauni la mwaka jana alipige pasi. Linamfika juu ya magoti. Nilimsikia akisema, "Hili linatosha, mama. Tusimsumbue baba." Maji ya siku hiyo hayakuongezwa kitu.

Na sasa mwalimu amewaagiza watoto kwamba Jumapili hii, mbele ya waumini wote, kila aliye na glasi nyumbani aje nayo, kwa kuwa lile somo anataka kulimalizia hapo. Binti ataibeba yangu. Imeandikwa BABA kwa herufi kubwa. Rangi yake kwa sasa ni kama ya sare za shule ya sekondari.

Kwa hiyo ninaiomba Kamati yako, itakapokaa Jumamosi, ikubali yafuatayo. Kwanza, mwalimu ahamishiwe kazi isiyohusu watoto. Nasikia maua ya madhabahuni hayana mtu. Pili, kikapu kibaki nyumbani kwake. Tatu, watoto wafundishwe kwa mdomo, kama tulivyofundishwa sisi. Mimi nilikaa darasani miaka kumi, nikasikia kila kitu kilichoandikwa kuhusu ukweli, na sikuwahi kupata madhara yoyote. Hata leo nikisikia habari ya kusema kweli natikisa kichwa kwa kukubali, kisha nafungua kibanda. Hiyo ndiyo imani iliyokomaa. Haimwagi kitu mezani.

Nisalimie mama nyumbani, mjukuu wako na mikono yake, wajumbe wote wa Kamati, mtunza bustani, na wanakwaya, ambao majoho yao pia yako mbioni kukamilika.

Wako katika huduma na mapazia,

Fundi.

Nyongeza: Mzee, barua hii nilikuwa sijaifunga bado. Binti alitoka shule akaikuta mezani, akaisoma kwa sauti ya chini kama anavyofanya mazoezi ya Jumapili. Alipofika kwenye salamu zangu kwako alisimama, akaenda kwenye kopo la penseli, akachukua kibomba. Tone moja. Hakusoma zaidi, amesema salamu zinazofuata ni nyingi na wino ni wa shule.

Nilimwambia, "Basi mwanangu, maji yameshakuwa ya bluu, tone moja linaongeza nini?" Akanijibu, "Baba, somo bado nusu. Wewe ndiye uliyepiga kengele."

Nimekaa nikaikumbuka ile chupa nyeupe. Nilipita karibu nayo siku ile na harufu yake naijua: ni dawa ya kutoa madoa. Ninayo mwenyewe kwenye rafu ya tatu, kwa ajili ya mashati meupe ya wateja. Nikaishusha, nikafungua kizibo juu ya glasi yangu. Mtoto akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa glasi, akasema, "Siyo wewe wa kuyasafisha." Nikairudisha rafuni.

Kwa hiyo naomba mwalimu asiondolewe. Apewe chumba Jumapili, apewe na kikapu chake, apewe dakika anazotaka, na kengele apewe mtu mwingine. Glasi nitaibeba mimi mwenyewe, kwa kuwa ni nzito na jina lililoandikwa ni langu. Gauni nimelikata leo saa nane mchana na kulishona bila kusimama. Nimeligeuza ndani nje, nikampa alipitishe kidole. Amelipitisha mara mbili, kisha akaenda nalo kwa mama yake akikimbia.

Suti yako haijabaki vifungo. Haijakatwa. Kitambaa kiko ndani ya mfuko uleule ulioniletea, na binti yangu hukikalia akifanya hesabu. Lini itakuwa tayari, Mzee wangu, sijui.