Motokari Isiyo na Pedali ya Kushoto

Kasongo, Jumatatu, 6 Juni 1955

Motokari imefika. Ya Kiamerika, rangi ya maziwa, ndefu kuliko duka. Bwana Mendes, Mreno anayenunua pamba, anatafuta shofa wa kuiendesha. Jumamosi atatujaribu, mimi na Octave. Octave anaendesha kamyo, lori la pamba, tangu nikiwa shuleni. Mimi napima pamba kwenye mzani. Lakini kamyo nimekwisha kuiendesha uani, mchana, watu wakiona.

Lazima niipate kazi hii. Mzee Hippolyte, baba yake Véronique, amesema wazi kwamba mpima pamba hamuoi binti yake, shofa ndiyo. Jembe la posa nililopeleka walilipokea. Mimi ndiye bado sijapokelewa. Siwezi kukaa. Nimeizunguka motokari mpaka mbwa wa Bwana amechoka kunibwekea.

Jumanne, 7 Juni

Ajabu. Hakuna ambreyaji! Ile pedali ya mguu wa kushoto, tunayoikanyaga kwenye kamyo kila tukibadili vitesi, yaani gia, haipo. Kuna freni ya kusimamisha na pedali ya mafuta, basi. Kwenye usukani kuna kijiti, na herufi: P, N, D, L, R. Octave amemwomba Bwana amweleze. Shofa mzima, anauliza! Mimi sikuuliza. Nilifikiri. Kamyo ina vitesi vinne. Hii ni ya Kiamerika, basi ina vitano. P ni cha kwanza. R ni cha mwisho, cha mwendo mkali wa barabara ya Kabambare.

Jumatano, 8 Juni

Bwana alilala mchana. Nikaingia. P: mota inanguruma, motokari haiendi. N: vile vile. Uvivu mtupu. Nikaruka hadi R, nikakanyaga mafuta. Mwendo ulikuwa mkali kweli, ila wa kinyumenyume, mpaka ndani ya banda la kuku. Mado, anayewafuga hao kuku, alisema atanyamaza nikimjengea banda jipya. Nimejenga. Mikono imejaa vibanzi. Baadaye nilijaribu tena, nikaelewa: D ndiyo ya kwenda mbele. Zilizobaki ni urembo.

Alhamisi, 9 Juni

Nimekutana njiani na Mama Julienne, mama yake Véronique. Kwetu mtu hapiti mbele ya mama mkwe akiwa amekaa juu ya kitu, wala hamtazami usoni. Nilijitupa majanini pamoja na baiskeli. Alipita akitazama upande wa pili, kama inavyotakiwa. Nasikia amenisifu kwa mumewe. Kwa heshima siwezekani.

Octave ananichekesha. Anashinda amekaa kwenye benchi, mguu wa kushoto ameufunga kwenye mguu wa benchi, ati auzoeze kutulia, usije ukakanyaga freni ukidhani ni ambreyaji.

Jumamosi, 11 Juni

Nataka kuhama nchi.

Octave alianza. Alikwenda, akarudi, hakuna lililotokea. Safari ya kuchosha. Kisha zamu yangu, Bwana amekaa nyuma, kijiti kwenye D. Tulikwenda vizuri hadi karibu na bonde wanakoloweka mihogo. Mara, mbele yetu, Mama Julienne na kikapu kichwani.

Mwili haukuniuliza. Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikafungua mlango, nikajitupa majanini. Kamyo ukiiachia hivyo, hujikwaa na kuzimika. Hii haikuzimika. Iliendelea kutembea peke yake, taratibu, nyuma ya mama mkwe wangu, Bwana Mendes akipiga kelele kwa Kireno. Mama akaongeza hatua. Nayo ikamfuata. Akakata kwenda bondeni. Nayo ikashika mteremko. Alitupa kikapu, akapandia upande wa pili. Motokari ikaingia kwenye dimbwi la mihogo, ikakwama, maji nusu ya matairi.

Octave alikuja mbio, akaingia, akasogeza kijiti kwenye P. Kisha akaniuliza bila haraka: "Célestin, ni weye njo unaendesha mutuka, ao mutuka njo inakuendesha weye?"

Hilo ningelivumilia. Lakini Mama Julienne alilia mbele ya watu, akisema mkwe wake amemwinda kama mnyama. Niliumia sana.

Jumapili, 12 Juni

Octave ni shofa. Mimi ni wa mzani. Mzee Hippolyte amesema posa haijavunjika, ila leo nipeleke mbuzi wa kumfuta mama machozi. Nikikosea tena, jembe litarudi kwangu. Véronique amenitumia neno kupitia kwa Mado: ananisihi niende kwa miguu.

Kwa miguu! Na mbuzi, mbele ya kijiji kizima! Bwana amelala na kitambaa cha maji kichwani. Octave yuko misani, motokari imekauka, ufunguo umo. Tena Octave mwenyewe alinieleza, akidhani hatari imekwisha: P inafunga magurudumu, N inayaachia.

Sasa naelewa kila kitu. Kosa lilikuwa D. Nyumba ya Mama Julienne iko chini kabisa ya kilima. Nitasimama na motokari juu, kwa heshima, nitashuka na mbuzi wangu kwa miguu, kama alivyotaka Véronique. Na motokari nitaiacha kwenye N, ili iwe tayari kuondoka.