Magoma ya Mgongo wa Methodi

Hamphrey alikuwa katikati ya chapati ya mkopo, kwenye mgahawa mmoja pale Mbinga mjini, neno "fidia" lilipotua meza ya pili. Akaacha kutafuna. Wapo ambao masikio yao hufunguka kengele ya kanisa ikigongwa. Yake hufunguka zikitajwa fedha za mtu mwingine.

Aliyelitaja neno hilo ni Rosa, mwuza dagaa kutoka Mbaha, huko chini ziwani. Alikuwa akimsimulia mwenye mgahawa habari za shemeji yake, Methodi, fundi wa mitumbwi. Methodi alipanda lori la tajiri mmoja wa Songea akisindikiza mbao zake, lori likafeli breki mteremkoni, likalala chali na watu wakiwemo. Uti wa mgongo ukavunjika. Tangu siku hiyo, kuanzia kiunoni kushuka chini, umfinye au umng'ate hana habari. Bima ya lori inapaswa kumlipa, tena mamilioni, ila inataka karatasi: ripoti ya polisi, ripoti ya hospitali na maelezo ya dereva. Dereva naye alitoroka siku ileile. Mwaka wa tatu ukitimia dai linakufa, na ilikuwa imebaki miezi saba. Huku nyumbani mtu anahitaji godoro la kuzuia vidonda, mipira ya mkojo, na kiti cha magurudumu kisichopinda kila kikiona mchanga.

"Yaani fedha ipo," Rosa alisema, "ila imekaa juu ya mti na sisi hatuna ngazi."

Hamphrey akamwomba mwenye mgahawa chai nyingine, ya mkopo vilevile, akahamia meza ya Rosa na kumpa pole kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Sasa huyu Hamphrey ni nani? Ni kijana wa milima ya Mbinga, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni na kumwuzia viatu. Alivaa tai hata siku ya mnada. Mkobani alikuwa na mafaili matatu, mawili matupu na la tatu limejaa picha zake mwenyewe. Kutwa alikaa karibu na mahakama akiwajazia watu fomu, na waliomwita wakili hakuwasahihisha, maana kumsahihisha mtu mbele za watu ni utovu wa adabu. Lakini shule yake hasa ilikuwa magoma. Kahawa ikiwa bado maua, na nyumbani kwa mkulima kuna njaa au ada ya mtoto, hutokea bwana mmoja na fedha mkononi akanunua mavuno yakiwa mtini, kwa bei ya kutupa. Hiyo ndiyo magoma. Mkulima hula leo, bwana huvuna Julai. Serikali inakataza, kanisa linakemea, na Hamphrey alikuwa ameezeka nyumba ya bati kwa jambo hilohilo linalokatazwa na kukemewa.

Sasa akiitazama ile chai, wazo likamjia akaliona ni zuri mno kuwa la kwake. Kama kahawa hununuliwa ikiwa maua, fidia ina kasoro gani? Akauza pikipiki yake juma lilelile, akaazima soksi, akashuka ziwani.

Methodi alikuwa amekaa kibarazani kwenye kiti chake, analainisha kasia kwa kipande cha chupa. Mkewe Gertrude, ambaye kijijini wanamwita Mama Jastini, alikuwa anaanika usipa, dagaa wa ziwa lile. Ni mwanamke wa Umoja wa Mama kanisani kwao, huongea taratibu kama anayepima unga wa mwisho.

Hamphrey akaamkia, shikamoo kaka, shikamoo shemeji.

"Marahaba," Methodi akajibu. "Kaka wa tumbo gani? Mama yangu alizaa watano na wote tunanuka samaki. Wewe unanuka duka."

Hamphrey akacheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Akaeleza kuwa yeye ni mwanasheria, na habari zao zimemnyima usingizi. Mahakama ni ndefu, akasema, bima ni wagumu, na miezi saba si kitu, mtu huweza kuimaliza akitafuta mhuri mmoja. Basi yeye, kwa moyo wake, atawapa fedha taslimu leo, milioni moja na nusu, na hiyo fidia itakayokuja ikichelewa, ikipungua au isipokuja kabisa, hasara yake. Ikija, iwe yake. Akalitaja na jina la biashara yenyewe bila aibu, maana hakudhani watu wa ziwani wanalijua.

"Magoma," Methodi akasema, kana kwamba anaonja. "Mke wangu, tumepata mnunuzi wa mgongo."

Gertrude aligeuza usipa upande wa pili kwanza, samaki baada ya samaki, na Hamphrey akaanza kutokwa jasho ndani ya tai. Kisha akanawa mikono akaja kukaa.

"Huko kwenu mlimani, mdogo wangu, nasikia mnunuzi wa magoma hapalilii. Mwenye shamba ndiye apalilie, apulizie dawa, mpaka siku ya kuchuma."

"Ndivyo ilivyo, shemeji."

"Huyu wangu atapalilia kwa miguu ipi?"

Wanasheria wa kweli wangemcheka, lakini mtu wa kahawa hawezi kucheka neno kama hilo. Alikwisha kuona mashamba aliyonunua yakamezwa na magugu mpaka Julai akavuna majani. Mnunuzi yeyote wa magoma analiogopa gugu kuliko anavyomwogopa polisi.

"Basi palilia wewe," Gertrude akamalizia. "Polisi, hospitali na dereva. Vikitimia tunapeleka dai, linaiva, unachuma. Visipotimia, umenunua mti."

Hamphrey alipiga hesabu za haraka. Alikuwa na miguu, alikuwa na mdomo, na shamba lilikuwa la milioni zisizopungua themanini. Akakubali. Mkataba akauandika mwenyewe kwa mwandiko wa madaha, na Gertrude akamwomba, kwa kuwa wao ni watu wa darasa la saba, aandike waziwazi asije mtu akasahau: nani ananunua, ana cheo gani, ananunua nini. Akaandika kwa herufi kubwa kuwa yeye MWANASHERIA HAMPHREY amenunua fidia yote ya mgongo wa Methodi. Rosa akaitwa kushuhudia. Nakala zikawa mbili. Gertrude akazifunga zile fedha kwenye kitambaa, akamwombea safari njema, na kweli aliomba, kwa macho yaliyofumbwa.

Tangu hapo Hamphrey akafanya kazi kama hajawahi kufanya tangu azaliwe.

Ripoti ya polisi ilikuwa imelala kabatini chini ya mafaili ya wizi wa mbuzi. Alikwenda mara tisa. Mara ya kwanza walimwambia mhusika yuko likizo, mara ya nne yuko msibani, na mara ya tisa Hamphrey alikuwa amekwisha kujua majina ya watoto wa kila askari, ikabidi wampe ili apumzike kuwasalimia. Kule hospitali karani alimwambia kitabu cha mwaka ule kimeliwa na mchwa. Akavua koti, akaingia stoo mwenyewe, akashinda humo siku mbili anapiga chafya, akatoka na karatasi mkononi na utando wa buibui kichwani. Kurasa zilizoliwa zilikuwa za watu wengine.

Jumapili moja Methodi akampigia simu kumjulisha kwamba kanisani wametangaza jina lake katika maombi, kama mfadhili wa wagonjwa. Hamphrey akashukuru kwa unyenyekevu. Halafu akaikata simu, akairekebisha tai ingawa hakuna aliyemwona, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwombea isipokuwa waliotaka apatikane.

Akabaki dereva. Aliitwa Pankras, na watu walimnong'oneza Hamphrey kuwa yuko Chiwanda, karibu kabisa na mpaka, analima mpunga, na mbwa akibweka huvuka kwenda Msumbiji. Hamphrey akaenda. Njiani alitunga uongo wa aina tatu: kwanza atajifanya mjomba, ikishindikana ni mtu wa pembejeo, ikishindikana tena ni mtu wa sensa. Lakini baiskeli aliyokodi ilipasuka tairi, akatembea toka asubuhi, akaumwa na mbu hadi kope, na alipofika na kumkuta Pankras amesimama shambani na jembe begani, uongo wote ulikuwa umemwishia mwilini kama maji kwenye kibuyu kilichotoboka.

Akasema kweli. Hakuwa na kitu kingine. Akamwambia Pankras kwamba tajiri wa lori anasema siku ile dereva alikuwa amelewa, na kwamba Methodi hamlaumu, anakumbuka alivyomsikia akilalamika breki.

Pankras akashusha jembe. Akaingia ndani akatoka na simu ya zamani iliyofungwa kwa mpira. Ndani yake ulikuwamo ujumbe alioutuma asubuhi ya ajali, kwamba bosi breki hazishiki, na jibu la bosi: shuka nalo hivyohivyo.

"Miaka miwili nalala na hii simu kama mke," akasema Pankras. "Nilikuwa nangoja mtu aniulize."

Maisha yake yote Hamphrey hakujua kwamba ukweli hufanya kazi, tena bila kukariri.

Dai likapelekwa kupitia wakili wa Songea ikiwa imebaki wiki tatu. Ule ujumbe wa simu ulipoonekana, bima na tajiri wakawa wapole ghafla, hawakutaka kufika mahakamani. Kahawa ilipoanza kuwa nyekundu milimani, Hamphrey akaitwa Songea, kwenye ofisi ya wakili wa Methodi, kushuhudia malipo. Alinunua tai mpya.

Ofisi ilikuwa ghorofani. Methodi alikuwa amekwisha kupandishwa kwa kubebwa na Pankras na vijana wawili wa mtaani. Gertrude alikuwa kando yake. Wakili, mama mmoja mfupi aitwaye Benadetha, alisoma makubaliano neno kwa neno: milioni tisini na mbili, kuingia akaunti ya Methodi. Methodi akasaini. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Hamphrey akakohoa, akatoa mkataba wake mkobani, akaulaza mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Akasema anasikitika kuleta jambo hili siku ya furaha, ila biashara ni biashara.

Benadetha akausoma. Akausoma tena. Kisha akavua miwani.

"Hapa umeandika mwanasheria. Uliapishwa mwaka gani, kaka?"

Hamphrey akasema hilo neno ni la heshima tu.

"Na hapa umenunua fidia ya mtu aliyevunjika uti wa mgongo. Fidia ya mwili ni ya mwenye mwili, haiuzwi, kama mwili wenyewe usivyouzwa. Mkataba huu haukupi senti moja. Ila polisi wakiuona unaweza kukupa kitu kingine. Ni mwandiko wako?"

Hamphrey alitazama mlango, akatazama karatasi, akatazama zile herufi kubwa alizozipamba kwa mkono wake.

"Si wangu," akasema.

"Basi haumuumizi mtu nikiuhifadhi," Benadetha akajibu, akauweka kwenye droo.

Gertrude akatoa kile kitambaa kwenye mkoba wake. Fedha zilikuwa zilezile, hazijaguswa. "Na hizi zako, mdogo wangu. Hatukuzila, hazikuwa za kuliwa. Mama wakili ataandika risiti tu, kwamba zilikuwa za kununulia nini, nawe utie saini."

Hamphrey akazitazama. Pikipiki yake yote ilikuwa pale ndani ya kitambaa chenye maua. Mkono ukanyanyuka wenyewe, ukafika nusu ya meza, ukarudi.

"Sizijui," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi ni sadaka," Gertrude akasema. "Kuna binti kule Lituhi alianguka toka kwenye mwembe, hana kiti."

Ndipo Hamphrey akauliza, si kwa hasira, bali kama fundi anayemwuliza fundi mwenzake: walijua tangu lini?

Gertrude hakumficha. Mama wakili aliwaambia yote kabla hata Hamphrey hajakanyaga Mbaha. Fidia haiuzwi, hilo walilijua. Kilichowashinda ni karatasi, kwa sababu zilimtaka mtu mwenye miguu, mdomo na uso usioona aibu. Na yeye Gertrude hawezi kumwacha mume peke yake, anamgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda. "Nikaomba Mungu anipe mtu. Ukaja wewe na tai. Nilisikitika kidogo, lakini sikuwa nimetaja wa aina gani."

"Eliya alilishwa na kunguru," Methodi akaongeza, maana utani ulikuwa umemrudia. "Hakuna mahali imeandikwa kwamba kunguru walijua wanamlisha nani."

Benadetha alicheka mpaka akafuta macho. Hamphrey hakucheka, ila pembe moja ya mdomo ilimsaliti.

Akafunga mkoba, akaaga. Lakini alipofika mlangoni Methodi akamwita. Wale vijana wa mtaani walikuwa wamekwenda zao, Pankras peke yake hawezi, na ngazi za kushuka zilikuwa ishirini na mbili.

"Shika gurudumu la kushoto, kaka."

Alikuwa na sababu zote za kukataa, na miguu ya kuondokea. Akaukunja mkono wa shati, akashika. Wakaanza kushuka, Pankras kulia, Gertrude nyuma na mafaili. Methodi hakuwa mwepesi. Miaka ya kuchonga mitumbwi ilikuwa imemjaza mabega. Ngazi ya kumi jasho lilikuwa limeifikia tai mpya. Ndivyo Hamphrey alivyoyabeba mavuno yake yote mpaka barabarani, na mavuno yenyewe yamekaa juu, yanamwelekeza: taratibu, kaka, taratibu, hapo pana utelezi.