Hedifoni ya Mkurugenzi

Kimya, jamani, kimya kabisa! Yaani kelele zimefutwa rasmi. Waraka umebandikwa ukutani tangu Jumatatu, una muhuri: "Kuanzia leo Kitengo cha Kusikiliza Wananchi hakitasumbuliwa na kelele za aina yoyote." Mashine ya kusaga ya Mudrick, tunayochangia nayo ukuta hapa Chang'ombe, haikupewa nakala, ndiyo maana iliendelea kunguruma.

Sisi wapokea simu tuliletewa hedifoni sita za kuzima kelele. Ukivaa, mashine inapotea. Ila inapotea kwako tu. Mwananchi aliyepiga simu bado anaisikia yote.

"Mwanangu," akaniuliza mama mmoja wa Bahi, mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka hapa, Emiliana, "nimepiga ofisini au mashineni?"

"Ofisini, mama."

"Basi saga kwanza, ukimaliza unipigie."

Ilikuwa wiki yake ya tatu kupiga. Mpunga wake unachanua, lango la mfereji limefungwa kufuli, na ufunguo uko kwenye droo ya mkurugenzi wetu, Mzee Fulgence, unasubiri utaratibu. Asipopata maji wiki hii, atavuna mapepe, maganda bila mchele.

Nikampelekea Hiral hedifoni moja. Nilisoma naye chuo, sasa anatengeneza simu dukani kwa baba yake. Akaigeuza geuza.

"Mmeziba masikio, mdomo mmeuacha sokoni," akasema.

Akafunga maiki ndogo kwenye waya unaokuja mpaka mdomoni, akaivisha sponji, akaiseti ichukue sauti ya karibu tu. Nikapiga nikiwa pembeni ya mashine. Hiral akasema nasikika kama niko maktaba.

Mkurugenzi alifurahi mno. Akasema kifaa hicho ni nyeti, hakiwezi kuvaliwa na wapokea simu kabla ya majaribio ya ngazi ya juu. Akakivaa yeye, akajifungia ofisini, na simu zote za wananchi zikaelekezwa kwake. Sisi tukabaki na hedifoni tano, tunasikiliza kimya chenye ubora.

Sasa leo asubuhi akaja Mama Angelina, mkaguzi kutoka makao makuu. Akagonga mlango wa bosi. "Hodi." Kimya. "Hodi humu." Kimya. Na kwetu hakuna kuingia kwa bosi mpaka useme hodi na yeye aseme karibu. Hilo nalo lina waraka wake. Tukamwekea kiti koridoni. Mara akatokea Mama Emiliana kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Naye akapiga hodi, naye akapewa kiti.

Saa nne umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza, mtaa mzima ukanyamaza. Mkurugenzi, masikio yamezibwa, hakujua. Akawa bado anaongea kwa sauti ya kushindana na mashine.

"Ngoja nimpigie," Mama Emiliana akasema, akabonyeza simu.

"Haloo," ikasikika kwenye simu, na mlangoni pia.

"Shikamoo baba. Namtaka mkurugenzi."

"Marahaba. Hayupo. Yuko Bahi tangu jana, anakagua lango la maji."

"Bahi ipi, baba? Mimi ndiyo natoka huko."

"Bahi ni kubwa, mama. Huwezi kumwona kila mtu."

Mkaguzi akanyoosha mkono taratibu. "Dada, nikopeshe hiyo simu." Akaiweka sikioni. "Ndugu yangu, unanipata vizuri?"

"Safi sana. Hakuna kelele hata chembe. Utafikiri uko mlangoni kwangu."

"Basi niambie karibu."

"Karibu," akasema, kwa mazoea.

Tukaingia wote watatu, kwa kufuata utaratibu.

Mkaguzi hakugomba. Aliandika kwamba majaribio yamefaulu, hedifoni irudi kwa wapokea simu. Kisha akasema taarifa iliyotolewa na ofisi kwa mwananchi haiwezi kuwa ya uongo, kwa hiyo mkurugenzi yuko Bahi. Akapakiwa kwenye bodaboda, katikati ya dereva na Mama Emiliana, na ufunguo kaushika mama.

Sasa hivi Mama Emiliana kanipigia. Nimevaa ile hedifoni, namsikia vizuri, na maji yanasikika yakiingia shambani. Anasema mkurugenzi yuko ndani ya mfereji, tope magotini, anapiga hodi kwenye lango la pili, nalo limefungwa. Lililobaki nitawaambia kesho, maana foleni ya simu ni ndefu na leo tunasikia.