Malalamiko Kuhusu Mjusi Aliyegeuka Mamba Darasani Kwenu

Kwa Mkuu wa Kituo cha Mafunzo ya Kompyuta,
Juu ya Duka la Vifaa vya Shule.

Ndugu Mkuu wa Kituo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umekaa, maana ukisimama dirishani utauona mlango wa karakana yangu, nami sitaki unipungie mkono kabla hujanisoma. Mimi ni yule fundi wa ng'ambo ya barabara ambaye mtaa mzima unamwita Mama Sare. Nusu ya watoto wanaopita hapo chini asubuhi nimewavalisha mimi. Nilianza na cherehani moja ya kuazima. Leo ninazo nne na wasichana watatu wa kazi, wala sikufundishwa na mtu. Huenda hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Nilijiandikisha darasa lenu la kuchora wahusika wa katuni kwa kompyuta kwa sababu moja tu. Mjukuu wangu amehamia kwangu baada ya wazazi wake kuhamishwa kikazi. Kitanda kipya, shule mpya, hata mlio wa cherehani zangu, kila kitu amekipokea kwa adabu na neno lile lile: "Nitazoea, Bibi." Mlango wa chumba chake cha zamani ulikuwa na picha ya Mjusi Zimamoto, yule wa televisheni, mwembamba kama uzi, mwenye kofia nyekundu na mkia ulioviringishwa kama mpira wa kuzimia moto. Picha ilichanika wakati wa kuhama. Nikamwambia asijali, nitamchorea mimi. Sijawahi kununua kitu ninachoweza kukikata mwenyewe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu nukta. Mwalimu wenu, binti mwenye miwani, mpole kupita kiasi, alitueleza kwamba katika picha hizi za vekta hupaki rangi kwa brashi. Unaweka nukta kuzunguka umbo, mstari unazifuata, kisha unajaza rangi. Nikamwelewa papo hapo. Hizo ni pini. Kitambaa kinachoteleza hupigwa pini kila upana wa kidole, la sivyo kinakukimbia. Mkia wa Mjusi nikaupiga pini mia nne na kumi na mbili. Mwalimu akaja, akainama, akasema, "Mama, mkia wangu mimi una nukta tisa." Nikamuuliza, sasa sehemu nyingine zote zimeshikwa na nini? Akanijibu kwamba kila nukta ina mikono miwili, ukiivuta mstari unajikunja wenyewe. Ndugu Mkuu, nimeajiri watu wenye mikono miwili miaka mingi na sijaona kitu kikijikunja chenyewe. Nilipovuta mkono mmoja ili kumridhisha, mkia uliruka ukamwingia Mjusi puani.

2. Kuhusu nafasi ya mshono. Hakuna aliyenionya kwamba ndani ya kompyuta hakuna mshono. Kichwa, miguu, kofia, kila kipande nilikizidishia upana wa kidole pembezoni, kama mtu yeyote mwenye akili zake angefanya. Tumbo nikaliongezea vidole viwili, kwa sababu kitu cha mtoto hukatwa akue nacho. Kwa hesabu yangu mshono ungeila ziada yote. Haukula kitu, mshono wenyewe haukutokea. Mzee mstaafu wa posta, anayekaa kompyuta ya jirani, alichungulia akauliza, "Mama Sare, huyu mamba kammeza zimamoto peke yake au na gari lake?" Mjusi wa mzee huyo ni mwembamba na anafanana na mjusi. Naomba ahamishiwe safu ya nyuma.

3. Kuhusu kugeuza. Hili ndilo lililonimaliza. Nguo yoyote ya maana hushonwa kwa upande wa ndani, ikikamilika ndipo hugeuzwa. Mwalimu alisema umbo la juu hufunika la chini, kwa hiyo tuyapange matabaka yetu kwa uangalifu. Nikayapanga kwa uangalifu mkubwa: macho chini kabisa, juu yake mdomo, juu yake vifungo vya koti, na mwili mzima juu ya vyote, nikijua mwishoni nitamgeuza. Nilipomaliza, kwenye skrini palikuwa na kitu cha kijani kisicho na macho, kama mto wa kochi. Sikubabaika. Nikamwita mwalimu, nikamwambia, "Mwanangu, nimemaliza, nionyeshe pa kumgeuzia." Akavua miwani akaanza kuifuta, na akaifuta zaidi ya uchafu uliokuwapo. Kumbe programu yenu inageuza kushoto kwenda kulia, inageuza miguu juu kichwa chini, ila ya ndani kuja nje haiwezi. Macho ikabidi niyapandishe moja moja kwa kipanya. Moja lilifika mbali kuliko mwenzake.

4. Kuhusu kukuza. Mnajisifu kwamba picha ya vekta haififii hata ukiikuza kiasi gani. Nani aliwaambia hiyo ni faida? Picha ya kamera yenye kosa ukiikuza inaingia ukungu, na aibu inasitirika. Kosa langu linabaki kali kama wembe, hata likienea mlango mzima. Nalo limeenea, maana niliomba ukubwa wa mlango. Mashine yenu ikatoa nakala mbili: moja nikapewa, nyingine mkaitundika ngazini kwenye maonyesho ya kazi za wanafunzi. Chini yake pana jina langu kwa herufi nzuri, ambazo ndizo pekee zilizotoka sawa. Juzi mama mmoja aliyemleta mwanawe kupimwa alinishika mkono akaninong'oneza, "Dada, kwa huyu wangu usiache nafasi kama ya yule mamba."

5. Kuhusu mjukuu. Nilipoibandika mlangoni alisimama akaitazama. Akafungua mlango akachungulia upande wa pili, nadhani akitafuta mjusi mwingine. Kisha akanikumbatia kiunoni akasema, "Asante, Bibi. Nitamzoea." Nikaenda jikoni nikakaa juu ya ndoo.

Najua utaniambia nirudie mchoro. Nimeshafikiria. Maji nimeyavulia nguo, tena nguo niliyoishona mwenyewe, lakini kuchomoa pini mia nne na tatu ili zibaki tisa ni kazi, na shule imeshafunguliwa. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, picha ishushwe ngazini leo hii. Kisha kituo chenu kiwaandikie watu waliomtengeneza Mjusi Zimamoto, nakala kwa televisheni, kuwaomba wamnenepeshe. Wao wana mjusi mmoja tu, na wana wataalamu. Mimi nipo tayari kuwatumia kipimo cha kiuno. Wasipoweza kumnenepesha mara moja, waeleze katika kipindi kijacho kwamba alikuwa likizo na alikula vizuri. Lile jicho nalo lipandishwe kidogo. Na kwa kuwa baada ya hapo mjusi atakuwa amefuata mkato wangu, si vibaya jina langu likaonekana mwishoni mwa kipindi, kwa herufi kama zile za ngazini.

Nisalimie mwalimu, mwambie miwani yake ilikuwa safi tangu mwanzo. Msalimie mlinzi wa mlangoni. Mzee wa posta naye msalimie, ila si sana. Hata mashine ya kuchapia nifikishie salamu, imefanya kazi yake kwa uaminifu ambao sikuuomba.

Wako kwa heshima na maumivu ya kiwiko,

Mama Sare,
Fundi, ng'ambo ya barabara.

Baada ya kuandika: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, mjukuu akaingia kutoka shule na wenzake wawili, wa kwanza kabisa kuwaleta hapa nyumbani. Wakaenda moja kwa moja chumbani kwake. Mmoja akacheka, "Huyu ndiye Mjusi Zimamoto? Mbona kanenepa hivi?" Nikachukua mkasi niende kuibandua. Nikamsikia mjukuu wangu, ambaye mikono ya sare yake inamfunika hadi vidoleni kwa kuwa nimemshonea akue nayo, akimjibu bila hata kupandisha sauti: "Hajanenepa. Kashonewa na Bibi. Kavaa kubwa kama mimi, akikua itamtosha." Yule mwenzake akaona ni sawa, wakaanza kucheza. Kwa hiyo ya ngazini msiishushe, wanataka kuja kuiona kesho. Watu wa televisheni msiwaandikie kabisa, watamharibu. Mzee wa posta abaki alipo. Nami niandikishe darasa linalofuata, kwani nimeagizwa mjusi wa pili, rafiki wa huyu. Nimemuuliza mjukuu kama ana hakika, maana safari hii naweza kujitahidi akatoka mwembamba. Akaniambia, "Hapana, Bibi. Wewe shona tu."