Nyumba ya Filamu Ilivyoiponza Nyumba ya Mama

Leo nimeaibika, ndugu zangu, na nimemwaibisha na mama yangu ambaye hakukosa chochote.

Mnanijua. Mimi ndiye ninayewashauri humu kila siku jinsi ya kutengeneza filamu bila mtaji. (Filamu yangu ya kwanza bado haijaisha, lakini ushauri ninao.) Wiki iliyopita niliwaandikia: usikodi nyumba, jenga kile tu ambacho kamera itakiona. Nami nikajenga. Nyumba ya tajiri wa dhahabu, hapa hapa uani kwa mama, kijijini Genkuru. Ukuta wa mbele, mlango, madirisha mawili. Nyuma hakuna kitu. Rangi ikabaki, nikapaka na nyumba ya mama ili zifanane kwenye picha. Mama alifurahi sana. Nyumba yake haikuwahi kupakwa rangi tangu aolewe.

Asubuhi hii wamekuja wathamini. Mgodi unapanuka, wanaandika nyumba za watu kwa ajili ya fidia. Na huku kwetu kuna tegesha, yaani watu wanasimamisha vibanda harakaharaka ili na wao walipwe. Mthamini mmoja akafika kwenye nyumba yangu, akafungua mlango, akaingia. Akatokea kwenye mihogo.

Majirani walicheka wote. Hata mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Tegesha hii ni ya nani?"

"Si tegesha mzee, ni filamu. Hapa kila kitu ni cha uongo."

(Kila kitu. Ndivyo nilivyosema, kwa kinywa changu.)

Akageuka kuitazama nyumba ya mama. Akagusa ukuta, akanusa kidole.

"Na hii?"

"Hiyo ni yangu," mama akasema. "Nimezaa watoto sita humo ndani."

"Mama, rangi bado inanuka."

Mwenyekiti akajaribu kumtetea. Akaambiwa kila mwenyekiti husema hivyo hivyo, uletwe ushahidi.

Nikajitosa. Nilikuwa nimeirekodi nyumba ile kabla ya rangi, ufa kwa ufa. Nikawasha kamera, watu wakasogea, mama mbele yao. Natafuta, sioni. Ndipo nikakumbuka kwamba kadi ilijaa juzi, nikafuta vya zamani ili nipate nafasi. Nafasi ya nini? Ya mimi nikiigiza yule tajiri, nikilia. Nimo mara kumi na tisa, nimevaa suti ya kuazima, nalilia dhahabu yangu iliyoibwa, na kati ya kilio na kilio nasimama nachana nywele.

Mthamini aliangalia vyote, bila kucheka. Halafu akaandika kwenye fomu ya mama: jengo jipya, linatiliwa shaka. Atarudi Jumatatu kuangalia tena, basi.

Mama hakunigombeza. Heri angenigombeza. Ameniletea panga butu na ndoo ya maji, akasema, "Kwangua." Nakwangua tangu saa nane, ili Jumatatu waone nyufa za zamani, mikono inauma, na roho inauma zaidi. Yeye amekaa kwenye kigoda ananitazama. Nilipofika upande wa jikoni akanizuia.

"Hapo acha kidogo," akasema. "Nipaangalie mpaka watakapokuja kubomoa."

Nimepaacha. Ushauri wangu wa leo ni mmoja: msifute picha zenu. Na asicheke mtu kwanza. Mama bado hajacheka.