Video ya Debora Imegoma Asilimia Tisa

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Jumamosi ukoo mzima wa Debora unakusanyika hapa Mikumi kutazama video ya harusi yake. Mpiga picha ni mimi. Mama yake mdogo, Magdalena, amesema ikimpendeza, harusi ya bintiye kule Msowero nimeipata. Isipompendeza, inakwenda kwa Evarist, jirani yangu mwenye studio na majivuno. Nimeanza kurenda, yaani kompyuta iunganishe vipande viwe video moja. Saa tano nzima. Asilimia tisa!

Jumanne, 12 Agosti
Asilimia kumi na moja. Tatizo ni joto. Nimelowesha gunia, nimeliweka chini ya laptopu, na feni pembeni. Akili hii sijui nimeirithi kwa nani. Dada yangu Naomi kaniuliza kama naivisha ndizi. Nimemsamehe, mambo ya mitambo hayajui.

Jumatano, 13 Agosti
Kumi na nne. Basi ni husuda ya Evarist. Nimemtuma Naomi akajifanye mteja, achungulie. Karudi anacheka. Evarist kamtambua mlangoni, kampa soda, kasema niondoe mbwembwe. Mbwembwe zipi? Wakati wa zawadi walipita watu mia na arobaini na tatu wakicheza. Kila mmoja nimempunguzia mwendo na kumnyeshea mioyo myekundu. Hiyo ni heshima. Shangazi Letisia peke yake, na godoro lake kichwani, anatumia dakika nne kumfikia bibi harusi. Ushauri wa mshindani siutaki.

Ijumaa, 15 Agosti
Niliiacha irende usiku na mchana, ikafika asilimia tisini na saba, umeme ukakatika. Betri ya laptopu ilishakufa zamani. Nililia, sioni aibu kuandika. Uliporudi nikafuta mioyo yote, nikaacha watu watembee kama walivyotembea. Dakika arobaini, imekwisha! Naomi asijue.

Jumamosi, 16 Agosti
Wameitazama mara mbili! Kila aliyetoa zawadi kajiona. Shangazi Letisia kapigiwa vigelegele na godoro lake. Nikampa Magdalena shikamoo, akaitika marahaba, akasema Msowero niende mimi. Nilitaka kuruka. Evarist naye alikuwepo, akaniuliza nilifanyaje. Nikamwambia ni gunia.

Jumapili, 17 Agosti
Msowero wanatarajia wageni mia tatu. Nitaweka mioyo na vipepeo. Nimetafakari sana, nimegundua kosa langu: gunia lilikuwa moja. Nimenunua matatu.