Mwalimu Ambakisye na Mashine Yake Mpya

Jumamosi, 5 Julai 2025

Nimeaibika redioni. Masasi nzima imesikia.

Padre wa Lukuledi aliniambia kitubio changu ni kuandika kila jioni wivu wa siku hiyo, kwa ukweli, niuone ulivyo mbaya. Nilidhani nitakuwa na siku nyingi za kuandika "hakuna". Hii ndiyo siku ya kwanza.

Mimi Fortunatus, Baba Rose, darasa la saba, mwenye banda la gemu karibu na stendi. Kila Jumamosi saa nne asubuhi naingia redio yetu ya hapa na kipindi changu, Pedi Mkononi. Nusu saa. Kwanza nasema wiki hii nacheza nini, halafu habari za gemu duniani. Kuanzia hapa hadi Newala hakuna mwingine anayefanya hivyo. Yaani hakukuwa.

Leo nimetangaza kwa sauti nzito kwamba Ngome ya Barafu, ile gemu ya mapanga na majoka ambayo vijana wote wanaisubiri, imesogezwa hadi mwakani. Niliisoma kwenye simu. Mara ujumbe ukaingia studio, na Ursula, meneja, akausoma hewani bila hata kunionyesha. Mwalimu Ambakisye wa hesabu anatusalimu sana, anapenda kipindi, ila Ngome ya Barafu imetoka tangu Jumanne na yeye yuko steji ya nne.

Habari yangu ilikuwa ya mwaka jana. Tarehe ilikuwa chini kabisa. Nani anasoma chini kabisa?

Ursula akacheka hewani. Akamwalika Mwalimu aje Jumamosi ijayo tuichambue wote wawili. Tulipotoka akaniambia polepole kwamba nusu saa ni ya mtu mmoja, wasikilizaji wataamua nani abaki.

Bila kipindi mimi ni mtu wa banda tu. Kwa kipindi, sokoni wananiita Mchambuzi. Hata mama wa chapati.

Wivu wa leo: upo. Halafu ukweli mwingine, kwa kuwa nimeahidi ukweli: mimi tangu mwaka juzi nacheza gemu moja tu, ile ya mpira. Nusu ya wachezaji wake wameshastaafu, wengine ni makocha. Hayo mengine yote huwa naangalia watu wanavyocheza kwenye simu, bando likiisha namalizia kwa akili yangu.

Jumapili, 6 Julai

Nimemwona Mwalimu baada ya misa. Kumbe ni yule kijana mwembamba wa suruali iliyonyooka. Mtu wa Tukuyu, ana mwaka wa pili hapa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia vizuri. Akaja mwenyewe, akainama, shikamoo mzee. Mbele ya watu. Ningefanya nini? Marahaba. Nikazeeka hapo hapo kwenye ngazi za kanisa.

Akaniambia alipohamia huku hakumjua mtu yeyote, na sauti ya kwanza aliyoizoea ni yangu. Mtu mbaya kwa nini asiwe mbaya tu? Huyu ananinyima hata hasira.

Nikauliza, kama mtu asiyejali, kuhusu mashine yake ya gemu. Ni mpya kabisa, kaka yake kamtumia kutoka Dar es Salaam. Akaniuliza yangu inaendaje na Ngome ya Barafu. Nikasema yangu iko kwa fundi. Hapo padre yuko hatua chache anaaga waumini.

Basi akasema nichukue yake. Yeye ana mitihani ya kutunga, shule zinafunguliwa. Tukicheza gemu moja, mashine moja, wasikilizaji watatendewa haki. Nilikuwa natafuta njia ya kuipata hiyo mashine kwa ujanja, na ujanja wangu sikupata hata nafasi ya kuutumia.

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba

Mashine imefika. Nyeupe kama sahani ya harusi. Nimeiangalia muda mrefu kabla ya kuigusa.

Mpango: nikae nayo mpaka Ijumaa. Yeye atabaki steji ya nne, mimi nitafika ya tano. Jumamosi nitazungumzia steji ya tano kwa upole sana.

Nimeanza saa tatu. Mwanzo wa gemu kuna geti la barafu na mlinzi mwenye rungu. Ameniua. Nimerudi, ameniua. Mpaka mchana kazi yangu ilikuwa kufa. Mke wangu Anastasia akapita na beseni la nguo, akasimama, akauliza huyo mlinzi tunamdai nini. Nikamwambia hii ni kazi ya kitaalamu. Akaweka beseni chini, akachukua pedi, akamzunguka mlinzi kwa pembeni na kuingia ndani ya geti. Mlinzi hakugeuka hata shingo. Anastasia akabeba beseni lake akaenda kuanika.

Kumbe si lazima kupigana naye.

Jioni nimefungua pale alipoishia Mwalimu. Ana ngome. Ana farasi mwenye tandiko jekundu. Mimi nina rungu la kuokota. Nimemwonea wivu farasi wa kwenye televisheni, naandika kama ilivyo.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwama steji ya pili. Lakini leo Mungu amenionyesha kitu. (Sasa hivi sina uhakika kama alikuwa Mungu.)

Mashine ilianza kuunguruma na kupata moto. Nikaigeuza nyuma. Kwenye matundu, vumbi! Vumbi letu jekundu la Masasi, limejaa. Nikafurahi mpaka nikasimama. Msomi mzima, mashine ya kisasa, na hajui kuisafisha. Jumamosi nitasema hewani, bila kumtaja mtu, kwamba mchambuzi wa kweli huanza na usafi. Ila kwanza niisafishe, ili niseme pia kwamba nimeisafisha mimi.

Fundi wangu husafisha kwa mashine ya upepo. Mimi sina. Lakini jirani yangu Dastani alikuwa ndiyo anarudi shambani, na bomba lake mgongoni, lile la injini la kupulizia mikorosho salfa, dawa ya unga. Upepo wake unafika juu kabisa ya mkorosho. Nikamwomba. Dastani ni Mmakua, mtani wangu, hawezi kutoa kitu bila maneno. Akauliza sebuleni kwangu nimepanda mikorosho mingapi, au nyinyi Wamakonde mnapulizia makochi siku hizi. Nikamuuliza kama lina salfa. Akasema tenki tupu.

Nikaamini. Mimi, mtoto wa mkulima wa korosho, nimeamini kwamba mwezi wa saba kuna bomba tupu. Hata mtoto wa darasa la kwanza hapa asingeamini.

Nikaweka mashine mezani. Nikaelekeza mdomo wa bomba kwenye matundu. Nikavuta kamba.

Sikuona kitu tena. Njano. Yote njano. Bomba likanguruma, mimi nikipapasa pa kulizimia sipaoni, nikapiga mpaka kabati la vyombo na picha ya harusi yetu. Kuku aliyekuwa amelalia mayai chini ya kochi alitoka na kuyaacha. Anastasia aliingia kutoka jikoni, akasimama mlangoni, akatoka. Unga wa ugali wa chakula cha jioni ulikuwa wazi kwenye ungo.

Dastani alikuja kuchukua bomba lake. Akachungulia ndani, akasema mwaka huu nitavuna.

Alhamisi, 10 Julai

Anastasia hasemi na mimi. Anasema na kuku. Asubuhi kamwambia kuku kwamba kuna watu redio imewaelimisha kupita kiasi.

Nimefuta tangu alfajiri. Mashine kwa nje imerudi kuwa nyeupe. Kwa ndani sijui, na ukiitingisha inatoa vumbi la njano kidogo kidogo, kama mtu anayeficha kikohozi. Nimeiwasha. Taa ikawaka, ikanguruma, ikazima. Nimeiwasha tena. Hivyo hivyo.

Hapa najua kabisa la kufanya. Niende kwa Mwalimu, nimwambie. Padre angesema hivyo, Anastasia angesema hivyo kama angekuwa anasema. Nimevaa viatu kabisa. Nimefika nje ya geti.

Halafu nikafikiri: ikizimikia kwake, imezimikia kwake. Na asipocheza, Jumamosi hana la kusema. Nikavua viatu.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeirudisha, nimeifunga kwenye khanga safi. Amepokea kwa mikono miwili. Akanusa nusa, akauliza, "Baba, umetoka shambani?"

Nikasema ndiyo. Mwezi wa saba kila mtu ananuka salfa, wilaya nzima inanitetea.

Akanipa mkungu wa ndizi zilizotoka kwao. Mkungu mzima. Nimeubeba njia nzima ukinilemea bega na nimeona ni haki. Anastasia ameziangalia zile ndizi, akaniangalia mimi, akamuuliza kuku kama yeye angeweza kuzila.

Sijala.

Jumamosi, 12 Julai



Saa nne kamili, studio. Mwalimu kakaa kushoto, mimi kulia, Ursula katikati. Taa nyekundu ikawaka. Kabla sijafungua mdomo, "Shikamoo mzee." Hewani! Marahaba yangu ikatoka kama ya babu yake na bibi yake kwa pamoja.

Nikaanza mimi. Nikasema wiki hii nacheza Ngome ya Barafu, picha zake nzuri, barafu yake unaisikia mpaka kwenye vidole. Nikatoa na siri ya mlinzi wa geti, kwamba apitwe kwa pembeni, nikasema nimeigundua mwenyewe. (Anastasia alikuwa anasikiliza nyumbani. Hilo nitalijibu leo usiku.)

Ikafika zamu yake. Mwalimu akapiga chafya. Akaomba radhi. Akasema jana alitaka afike steji ya tano aje aizungumzie, lakini mashine ilikataa kuwaka. Alipoifungua kwa bisibisi alikuta ndani unga wa njano. Akaupeleka kwa majirani wanuse, wakamwambia ni salfa. Akasema yeye ni mgeni, kwao Tukuyu hakuna mikorosho, anaomba wasikilizaji wamfafanulie imeingiaje.

Hakunitaja. Hakunitazama hata. Alikuwa anauliza kweli!

Simu zikamiminika. Bi Mwanaheri wa Kitangari akapiga, sauti ya mama mtu mzima, taratibu, akauliza, "Mwanangu, hiyo mashine ilikuwa na ubwiriunga?"

Ursula akalala kwenye meza kwa kicheko. Ubwiriunga ni ule ugonjwa wa mikorosho unaotufanya tupulizie salfa, na sasa mashine ya Mwalimu ilikuwa inaumwa ubwiriunga mbele ya wilaya mbili. Mwingine akauliza kama imeanza kutoa maua. Mwingine akasema wapulizie tena baada ya wiki mbili, dozi isikatishwe. Na Mwalimu anawajibu wote, ndiyo mama, asante baba, nitajaribu, huku anapiga chafya. Anawaamini.

Nikashindwa. Si kwamba nilikuwa mwema ghafla. Nilikuwa siwezi kuendelea kumsikia akishukuru. Nikavuta maiki.

"Mwalimu, ni mimi."

Ursula akainua kichwa mezani.

"Nilitaka kukuaibisha kwamba una vumbi. Nikachukua bomba la Dastani."

Nikasema yote. Kuku, unga, khanga, viatu nilivyovaa nikavivua. Nikasema pia kwamba mashine yangu haikuwa kwa fundi na habari zangu nyingine ni za mwaka jana. Nikasema na mlinzi wa geti ni Anastasia aliyempita.

Mwalimu akauliza, "Kwa hiyo baba, tenki halikuwa tupu?"

Nikasema halikuwa tupu. Basi akacheka, akacheka mpaka machozi, sijui ya kicheko au ya salfa.

Baada ya kipindi nimempa mashine yangu ya bandani aichukue mpaka fundi aiponye ya kwake. Fundi kasema itapona, ila itanuka. Na Ursula katuita wote wawili. Simu hazijawahi kuwa nyingi hivyo. Kipindi kinakuwa cha saa nzima na hakuna atakayeondoka.

Nyumbani Anastasia alinisemesha mimi mwenyewe, siyo kuku. Nimekula ndizi. Nimelia kidogo. Ee Mungu, mimi ni mtu mpya.

Jumanne, 15 Julai

Mtu mpya amekwenda sokoni leo. Mama wa chapati kaniita Baba Salfa. Nimepokea kwa unyenyekevu. Kisha akauliza Mwalimu hajambo? Muuza nyanya akauliza Mwalimu atasema nini Jumamosi. Mwenye duka la simu kaweka sauti ya ile chafya kuwa mlio wa simu yake. Chafya! Mimi nimefanya kazi ile redio tangu mtambo wake wa kwanza, hakuna aliyewahi kuweka hata kikohozi changu.

Wivu wa leo: hakuna. Nimejichunguza vizuri.

Ninachokiona ni upweke wa kijana. Miaka miwili peke yake chumba kimoja, anapika, anafua, anapiga pasi. Inaniuma. Mimi nimemkosea, lazima nimlipe wema. Nikamkumbuka Scholastika, mtoto wa dada yangu, yuko Newala, msichana mzuri, ana heshima. Na mjomba wake ni mimi, kwa hiyo neno la ndoa yake linapita kwangu. Nimempigia simu dada. Amefurahi. Scholastika mwenyewe kauliza ndiye yule anayepiga chafya? Akacheka. Huyo tayari.

Anastasia kauliza Mwalimu amesema anataka kuoa? Nikamwambia hajasema, ana aibu.

Kwetu bwana arusi anahamia ukweni, hilo Mwalimu nitamweleza taratibu, yeye ni mgeni. Mama mkwe ana mikorosho mingi sana, na mkwe mpya ndiye wa kuipalilia. Jumamosi, kwa kawaida. Kuanzia alfajiri. Na kule hata shule zinahitaji walimu wa hesabu, nimeshaulizia.

Padre akiuliza nitamjibu bila kupepesa macho. Namtakia Mwalimu Ambakisye mema yote ya dunia hii. Ila ayapatie Newala.